Binti yangu ameuliza kuhusu roketi na Wanazi

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Binti yangu ana miaka 12. Muhula huu wanasoma Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwenye sayansi wanasoma jinsi ndege inavyoruka na safari za anga za juu. Juzi akaniuliza: "Baba, ni kweli aliyetengeneza roketi ya kwenda mwezini alikuwa Mnazi?" Nikamwambia nitamjibu kesho, na hiyo kesho imeshapita. Shuleni anasoma kwa lugha ya huku, nyumbani tunaongea Kiswahili, na mambo haya sijawahi kuyaeleza kwa Kiswahili. Walimu mliomo humu, nisaidieni.

Baba wa darasa la saba

*

Kaka, salaam.

Mjibu ndiyo, tena usizungukezunguke. Wernher von Braun alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi na ofisa wa SS, jeshi la chama hicho. Ndiye aliyeongoza kazi ya V-2, roketi ya kivita ya Ujerumani, huko Peenemünde, kaskazini mwa nchi hiyo, na Oktoba 1942 moja ilipanda zaidi ya kilomita 80. Kuanzia Septemba 1944 zikaanza kuanguka London. Zilikuwa na kasi kuliko sauti, kwa hiyo mlipuko ulitangulia na mvumo wa roketi ukasikika baadaye. Mtoto wa umri huo akishaelewa jambo hilo, ameelewa hofu ya vita na fizikia ya sauti kwa pamoja.

Ila usiishie hapo. Baada ya Peenemünde kushambuliwa kwa mabomu mwaka 1943, utengenezaji ulihamishiwa kwenye mahandaki karibu na Nordhausen, na waliofanyishwa kazi ni wafungwa wa kambi ya mateso ya Mittelbau-Dora. Wafungwa wapatao 60,000 walipita kambini humo, na inakadiriwa 20,000 walikufa. Wanahistoria wanakubaliana kwamba V-2 iliua watu wengi zaidi ilipokuwa ikitengenezwa kuliko iliporushwa. Mwaka 1945 von Braun alijisalimisha kwa Wamarekani, na mwaka 1969 roketi ya Saturn V, iliyosimamiwa na yeye, yenye urefu wa mita 110, iliwapeleka watu mwezini. Nimefundisha watoto wa umri huu miaka mingi, na wanaweza kuyabeba yote mawili. Kinachowaumiza ni kugundua baadaye kwamba tuliwaficha nusu.

Asidhani pia kwamba ni upande mmoja tu. Sergei Korolev wa Urusi ya Kisovieti, aliyeongoza kazi ya Sputnik, setilaiti ya kwanza, mwaka 1957 na safari ya dakika 108 ya Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1961, alikamatwa na serikali yake mwenyewe mwaka 1938 akapelekwa kambi ya kazi ngumu ya Kolyma, mashariki ya mbali ya nchi hiyo. Jina lake lilifanywa siri hadi alipofariki mwaka 1966.

Kwa vitendo, nyoosheni kamba sakafuni, sentimita 10 kwa kila mwaka, kutoka 1903 ndugu Wright waliporuka na ndege yao ya injini kwa sekunde 12 hadi 1969. Ni mita 6 na sentimita 60 tu. Yeye aandike kadi na kuziweka, na kwa kila kadi mwulize nani alinufaika na nani aliumia. Bessie Coleman, mwanamke mweusi wa Marekani, asikosekane: shule za urubani za nchini kwake zilimkataa, akaenda Ufaransa na kupata leseni mwaka 1921. Wala wasikosekane marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, Alabama, wakaipigania vitani nchi iliyowatenga.

Kisha kuna marubani wanawake wa Kisovieti wa kikosi cha 588, walioshambulia Wajerumani kwa mabomu usiku, waliorusha Po-2, ndege za mbao na kitambaa. Usiku walikaribia shabaha, wakapunguza injini hadi karibu kunyamaza, wakateleza hewani. Hapo historia inakukabidhi somo la sayansi: injini imenyamaza, mbona ndege haianguki kama jiwe?

Vitabu vingi husema hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane na ya chini kwa wakati mmoja. Si kweli, hazikutani kwa wakati mmoja. Mpe kipande cha kadibodi mbele ya feni, akiinamishe kidogo, asikie kinavyoinuka. Bawa linasukuma hewa kwenda chini, hewa inalisukuma bawa kwenda juu. Maneno ya Kiswahili unayohitaji ni manne: uzito, nguvu ya kuinua, msukumo na ukinzani wa hewa.

Roketi ni kanuni hiyohiyo, ila haihitaji hewa ya kuegemea. Puto, mrija na uzi vinatosha kuonyesha: gesi inatoka nyuma, puto linakwenda mbele. Akibisha kwamba angani hakuna cha kusukuma, usimcheke. Gazeti la New York Times lilimdhihaki Robert Goddard, Mmarekani mtafiti wa roketi, kwa hoja hiyo mwaka 1920, likasahihisha Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kwenda mwezini.

Jambo moja nakuomba sana: usikubali mchezo wa kuigiza kambini, mtoto mmoja mlinzi na mwingine mfungwa. Nimeuona ukifanywa kwa nia njema na sitaki kuuona tena. Unawadhalilisha waliokufa, na mtoto haelewi lolote zaidi.

Mwalimu mstaafu wa sayansi

*

Mwalimu, asante. Naongeza kidogo tu. Mwanangu aliposoma habari za mabomu alikosa usingizi siku tatu. Siku hizi mambo ya vita tunayasoma mchana, na tukimaliza tunatengeneza kitu kwa mikono. Tena mwambie binti kuna setilaiti iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini pwani ya Kenya, ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza eksirei (X-ray) kutoka angani. Wangu alifurahi mno kukuta neno la nyumbani kwenye kitabu cha sayansi.

Mama wa wawili

*

Mwalimu, dada, asanteni mno. Jumamosi tulinyoosha kamba kuanzia jikoni hadi mlangoni. Nilimjibu ndiyo, akanyamaza, akauliza kama wafungwa wa Dora waliwahi kuona roketi ikifika mwezini. Nikamwambia walionusurika huenda waliona. Miaka ya vita imemshinda: sentimita 60 hazitoshi kadi zake. Ameomba tuanze upya, kila mwaka nusu mita, na hiyo itabidi tuifanyie nje.

Baba wa darasa la saba