Naomba ushauri: mlinganyo wa mstari kutoka kwenye grafu

Wakuu habari za jioni, niko Moshi. Binti yangu wa kidato cha pili kanigomea. Mstari unakata mhimili wa y kwenye 6 na wa x kwenye 4. Yeye kahesabu vijumba: kushuka vitatu, kwenda kulia vinne, mteremko −3/4. Lakini kwenye y kila kijumba ni 2, kwenye x ni 1! Mimi nasoma namba: (0, 6) na (4, 0), napata −6/4, yaani y = −3/2x + 6. Nikiweka x = 2 napata 3, na mstari unapita hapohapo. Yake inatoa 4.5. Bado anang'ang'ania vijumba, eti ndivyo alivyoelekezwa tuisheni. Walimu, mnamwelezaje mtoto habari ya skeli bila kugombana naye?