Naomba ushauri: dada ana VVU, hatumii dawa na virusi havionekani

Habari zenu wakuu. Dada yangu aligundulika na VVU mwaka 2017 na hajawahi kumeza ARV hata siku moja. CD4 zake (chembe za kinga ambazo VVU hushambulia) ziko juu ya 800, wingi wa virusi chini ya 50. Tulidhani majibu yamekosewa, tukapima kwingine, yakawa yaleyale.

Nimesoma kuwa watu wa aina hii hawafiki 1% ya wenye VVU, na kwamba jeni za HLA-B*57 na B*27 huonekana zaidi kwao. Jeni hizo husaidia chembe za kinga ziitwazo CD8 kuzitambua na kuziua seli zilizoambukizwa. Lakini tangu 2015 WHO inashauri kila mwenye VVU aanze dawa. Yeye anagoma kabisa, nami naogopa.

Je, kumpima jeni hizo kutabadilisha chochote kwenye uamuzi wa tiba? Na kwa aliyepitia hali hii, ni nini kilikushawishi kuanza dawa?