Mjadala: Mbio za gari kwenye The French Connection, ufundi au uzembe?

Mzee wa Kanda: Wadau, jana usiku nimeirudia filamu ya The French Connection na safari hii nimeshindwa kuifurahia. Mnaikumbuka ile sehemu mwigizaji Gene Hackman anaifukuza treni inayopita kwenye reli ya juu ya barabara kule Brooklyn, New York, yeye yuko chini na gari aina ya Pontiac? William Friedkin, aliyeiongoza, alikuja kusimulia mwenyewe: kuna kipande walikata mitaa 26 kwa maili 90 kwa saa, kibali hakuna, na watu wako barabarani kwenye shughuli zao. Halafu 1972 ikabeba Oscar 5. Kazi iliyohatarisha watu wasiojua lolote, tuendelee kuisifu?

Kipanga: Unamsingizia bure. Yule mwigizaji Steve McQueen alikuwa dereva hasa, aliendesha mwenyewe mwanzo mwisho.

Fundi Spana: Kaka umechanganya madawa. McQueen ni filamu ya Bullitt, 1968, San Francisco, gari ni Mustang ya kijani. Hii ni New York, 1971. Na hata huko hakuendesha mwanzo mwisho, vipande vya hatari zaidi alipewa Bud Ekins, dereva wa stanti, yaani wa kuigiza matukio ya hatari. Anayeziunganisha filamu hizi ni dereva mwingine wa stanti, Bill Hickman: kwenye Bullitt anaendesha ile Dodge Charger nyeusi, na kwa Friedkin ndiye aliyeiendesha hiyo Pontiac kwa kasi. Steringi wa filamu anapigiwa makofi, jasho ni la mwingine. Hickman kafariki 1986. Oscar ya stanti imetangazwa 2025, na itaanza na filamu za 2027!

Kipanga: Filamu nimechanganya, nakubali. Ila McQueen usimshushe. Mbio za magari za Sebring, Marekani, 1970, saa 12 mfululizo, yeye na mwenzake Peter Revson walishika nafasi ya pili, na mguu wake ulikuwa umefungwa plasta. Steringi gani mwingine kafanya hivyo?

Fundi Spana: Nani kamshusha? Nimesema Ekins naye atajwe.

Mama Nuru: Mimi yule mama mwenye kigari cha mtoto ndiye aliyenitoa roho. Alikatiza tu kweli?

Mzee wa Kanda: Yule alipangwa, mama. Kisichopangwa ni lile gari jeupe linalogongana na Pontiac kwenye makutano. Mtu katoka kwake anaenda kazini, hana habari kama kuna filamu. Walimlipia matengenezo, na ajali yake wakaiacha ndani ya filamu.

Dereva Mstaafu: Mnamhukumu mtu aliyekuwa tayari kufa na kazi yake. Humo ndani ya gari kamera aliishika Friedkin mwenyewe, kwa sababu wapiga picha wake walikuwa na wake na watoto, yeye hakuwa na familia. Huo ndio uongozi. Asiye na familia ana nini cha kupoteza?

Bint Pwani: Hiyo sentensi ya mwisho umeifikiria kabla ya kuiandika? Nina miaka 41, sina mume wala mtoto. Nina mama mgonjwa namlea na wadogo zangu wawili nawasomesha. Kazini kila zamu ya usiku, kila sikukuu, napangwa mimi, na kauli ni hiyo hiyo yako: wewe huna wa kumrudia.

Dereva Mstaafu: Dada, sikukukusudia wewe. Nimeeleza alivyowaza yeye.

Bint Pwani: Yeye alijichagulia. Wewe umetuchagulia sote.

Mama Nuru: Binti ana haki yake. Lakini mwanangu, mwenye watoto akiepushwa na hatari si dharau kwako. Mimi niliachwa na wanne, mkubwa ana miaka tisa. Najua kinachobaki nyuma.

Bint Pwani: Pole mama, na sikubishii. Nataka tu nihesabiwe na mimi.

Kipanga: Kazini kwetu ni hivyo hivyo, vijana ndio wanapandishwa kwenye nguzo.

Mzee wa Kanda: Jamani, swali langu mbona mmelikimbia? Mdogo wangu aligongwa kwenye pundamilia na kijana aliyekuwa anashindana na mwenzake. Mpaka leo anatembelea fimbo. Ndiyo maana nauliza.

Fundi Spana: Pole sana mzee. Lakini Friedkin hakuwa mhuni wa barabarani. Kuna mitaa walikuwa na ruhusa, na askari waliokuwa nje ya zamu waliwasaidia kuzuia magari.

Mzee wa Kanda: Na ilipoishia ruhusa gari halikusimama. Hapo ndipo ninapopasema.

Bint Pwani: Dereva Mstaafu, wapiga picha waliangaliwa kama wana watoto. Yule wa gari jeupe, naye aliulizwa?

Dereva Mstaafu: Huyo sikuwa nimemfikiria.

Mama Nuru: Binti, na Idi hii wamekupanga tena?

Bint Pwani: Wameshanipanga, mama. Usiku.