Albamu imelipiwa kabla haijatoka, wimbo mmoja umetolewa papo hapo. Niuhesabu kwenye chati?

Mchanga_wa_Fuoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Nina jambo linanikwaza, nisaidieni mawazo.

Mimi ndiye ninayepanga chati ya nyimbo kumi na tano za wiki kwenye redio moja ndogo hapa Unguja. Hesabu yetu ina mambo matatu: maombi ya wasikilizaji kwa meseji, idadi ya mara wimbo uliposikilizwa mtandaoni, na mauzo ya wimbo mmoja mmoja kwa wasanii wanaouza wenyewe kwa malipo ya simu. Mauzo tumeyapa uzito mkubwa kuliko yote, maana mtu kutoa pesa yake mfukoni si mchezo.

Sasa kuna kikundi kimoja cha Pemba kinatoa albamu sikukuu ya Idd. Wameanza kupokea malipo tokea Shaaban. Unatuma shilingi elfu tano, unaletewa kiungo cha wimbo mmoja saa hiyohiyo, nane zilizobaki utazipata Idd. Meneja wao kaja ofisini na karatasi za miamala zimebanwa pini, nambari za simu kazipiga wino mweusi nusunusu, anataka kila muamala tuuhesabu kuwa ni nakala moja ya ule wimbo iliyouzwa. Na kwa kuwa Ramadhani hatupigi muziki na chati imesimama, anataka zote ziingizwe kwa mkupuo wiki ya Idd.

Nikikubali, wimbo unaruka mpaka nambari moja, na wala sijui kama watu wameupenda au walitaka albamu tu. Nikikataa, nitaambiwa watu wa Unguja tunawabania Wapemba. Munasemaje?

Udi_na_Ambari

Waalaykum salaam. Pesa imetoka, wimbo umeingia simuni. Biashara imekwisha hapo. Hesabu yakhe, usijitie presha bure.

Waya_Mmoja

Udi, ngoja kwanza. Huyo aliyelipa kanunua nini? Kanunua albamu. Wimbo kapewa juu yake, hata angekuwa hautaki angepewa tu.

Nimefanya kazi ya kuwasambazia wasanii nyimbo mtandaoni, na suala hili limeshawatoa jasho wenzetu wakubwa. Mwaka 2004 Prince alikuwa akigawa CD ya albamu yake kwa kila anayeingia kwenye maonesho yake, bei imo ndani ya tiketi, utake usitake. Zilihesabiwa kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la kule Marekani, watu wakapiga kelele, kanuni ikabadilishwa kwamba mnunuzi awe na hiari ya kuichukua au kuiacha. Mwaka 2013 Samsung ikanunua nakala milioni moja za albamu ya Jay-Z na kuwagaia wateja wake kupitia programu ya simu. Billboard ikakataa kuzihesabu, kwa sababu msikilizaji hakutoa hata senti. Na 2020 wakakaza zaidi: ukiuza CD au santuri na kumpa mnunuzi nakala ya kupakua hapohapo, ile ya kupakua haiingii kwenye hesabu. Mauzo yanahesabiwa siku mzigo unapotumwa kwa mnunuzi.

Sasa nakuuliza, Mchanga. Mwisho wa mwaka redio yenu si hutaja na albamu zilizouza sana? Elfu tano ile ile utaihesabu tena huko. Pesa moja itakuwa imekula sahani mbili, na msanii aliyeuza wimbo wake mmoja kwa jasho lake anabaki kuangalia.

Binti_Tibirinzi

Mimi wa Chake Chake, na hiyo albamu nimeilipia. Nimelipia kwa sababu kikundi ni chetu na nilitaka wapate pesa ya kumaliza studio. Ule wimbo sijaufungua mpaka leo, umekaa kwenye simu, nangoja Idd niusikilize na wenzake. Kwa hiyo ukinihesabu mimi kuwa nimeuchagua, umeniandikia nisichokisema.

Lakini na nyinyi wa mjini musijitoe. Kusikiliza mtandaoni kunataka bando. Kijana wa Kikwajuni ana waya wa intaneti nyumbani, anauacha wimbo unajirudia usiku kucha. Mtu wa shamba huku Wete au Micheweni anausikia wimbo kwa jirani, akiupenda anautia kwenye memori kadi, na hakuna anayemhesabu. Pesa ndiyo kura yake peke yake. Mukiipunguzia nguvu pesa, chati yenu itakuwa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo basi.

Juu ya kulipia kabla, hilo kwetu si geni. Tunakodi mikarafuu maua yakiwa bado mtini, na pesa tunatoa, lakini hakuna anayejisifu kuwa ana gunia mpaka karafuu ikae mizanini.

Udi_na_Ambari

Sawa Binti, wewe hukuufungua. Lakini wapo walioufungua wakausikiliza mpaka simu ikaota moto. Hao nao wanyimwe kwa sababu yako?

Maalim_Khatti

Asinyimwe mtu. Hapo pana mambo mawili yamechanganywa: kupewa wimbo na kuusikiliza. La kwanza usilihesabu. La pili lihesabu, lakini kwa uzito wa kusikiliza, si wa kununua.

Uingereza walipoanza kuingiza usikilizaji wa mtandaoni kwenye chati ya nyimbo, Julai 2014, walisema mara 100 za kusikiliza ni sawa na nakala moja iliyouzwa. Mwaka 2017 wakapandisha kuwa 150. Wewe si lazima ufuate namba zao, chati yako ni ndogo, ila lazima uwe na uwiano na uutangaze kabla, siyo baada ya meneja kuja na karatasi.

Na mtu akitaka wimbo ule uhesabiwe kama mauzo, dawa yake ndogo: auuze na peke yake, kwa bei yake. Anayeununua peke yake kauchagua.

Kuna jengine hamjaliona. Albamu ina nyimbo tisa, chati yako ina nafasi kumi na tano. Fikiria wiki ya Idd, zote tisa zimetoka, watu wa Pemba nzima wanazisikiliza. Utasoma chati au utasoma jalada la albamu? Machi 2017 Ed Sheeran aliweka nyimbo 16 kwenye ishirini bora za Uingereza wiki moja. Julai ya mwaka huohuo wakaweka kikomo: msanii mkuu mmoja asizidi nyimbo tatu katika mia. Mimi ningekwambia wewe uweke mbili.

Waya_Mmoja

Hilo la Maalim la uwiano naliunga mkono, la nyimbo mbili hapana. Kama watu kweli wanazisikiliza tisa, chati kazi yake ni kusema ukweli. Kuzipunguza ni kupanga matokeo.

Maalim_Khatti

Waya, kila kanuni ya chati ni kupanga matokeo. Uwiano wenyewe ulioukubali ni nini?

Mchanga_wa_Fuoni

Ahsanteni sana, mmenifungua. Nimerudi kwa yule meneja, kanionesha kwenye simu yake kwamba kiungo chao kinaandika kila anayekifungua na ni mara ngapi. Kwa hiyo usikilizaji ninaweza kuupata, si maneno matupu.

Nilivyoandika mpaka sasa: wimbo uliotolewa kwa aliyelipia albamu hauhesabiki kuwa umeuzwa. Ukisikilizwa, unahesabika kama nyimbo nyengine. Ukiuzwa peke yake, unahesabika kama mauzo. Malipo ya albamu yatahesabiwa siku albamu itakapowafikia watu, kwenye orodha ya albamu. La kurundika Ramadhani nzima kwenye wiki moja nimelikataa. Chati ikilala, imelala kwa wote. La nyimbo mbili au tisa bado nalitafuna.

Udi_na_Ambari

Kanuni nzuri, ila mimi nawajua mameneja. Kesho atauweka ule wimbo peke yake kwa shilingi mia, halafu awatumie jamaa zake hizo mia wamrudishie. Utafanyaje?

Waya_Mmoja

Weka bei ya chini kabisa. Mei 2011 Amazon iliuza albamu ya Lady Gaga kwa senti 99, na zote zikahesabiwa. Novemba Billboard wakatangaza kwamba albamu inayouzwa chini ya dola 3.49 katika wiki nne za mwanzo haihesabiki. Na nambari moja ya simu ihesabiwe mara moja tu kwa wimbo mmoja.

Mchanga_wa_Fuoni

Mia tano basi. Nyimbo nyingi za huku huuzwa kati ya hapo na elfu.

Binti_Tibirinzi

Mia tano sawa. Lakini hiyo kanuni isiwe ya Wapemba peke yao. Kile kikundi cha mjini kinachompa wimbo kila anayenunua fulana yao, mulikihesabu vipi mfungo sita, mwezi wa Maulidi? Maana kilikaa tatu bora.

Mchanga_wa_Fuoni

Kilihesabiwa kama mauzo, kanuni haikuwepo. Kuanzia Idd fulana ni fulana. Nawaandikia mameneja wote wawili leo baada ya tarawehe, barua moja, maneno yale yale.