Mchezo wetu kuhusu sonona umetufikisha mahali tunaposhindwa kuendelea

MwanaLangoni, Lamu

Assalaam alaykum. Sisi ni vijana kumi na mmoja wa Langoni, wenye umri wa kati ya miaka 16 na 23, na kwa miezi mitatu sasa tunatayarisha mchezo kuhusu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wa kuonyeshwa uwanjani Mkunguni, mbele ya Ngome. Unahusu kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakaa bila kazi, kisha polepole akaacha kwenda baharini na babake, akaacha mpira, akaacha hata kuketi madakani na wenzake. Usiku halali, mchana haamki. Nyanyake anasema amepigwa jicho, ami yake anamwita mvivu, na jirani ana hakika kwamba ameingia kwenye unga wa kulevya. Yeye mwenyewe kila akiamkiwa hujibu "salama", kwa sababu ndivyo tulivyolelewa sote: mtu huanza na salama hata akiwa na homa inayomtetemesha.

Katika onyesho la tatu mama anasimama mlangoni na sahani ya mkate wa mofa, anauliza, "Umeamkaje?" Mwenzetu anayeigiza nafasi ya kijana alijibu "salama", akarudia mara ya pili, na mara ya tatu sauti ikamkatika. Akaketi sakafuni, sahani ameipakata, akawa anaumega ule mkate vipande vidogo vidogo bila kula. Mmoja wetu alicheka akidhani ni uigizaji mzuri. Baadaye alitueleza kwamba usiku wake ni kama wa yule kijana wa mchezo, na kwamba nyumbani hajamwambia mtu.

Naomba ushauri kwa mambo mawili. Je, aendelee na nafasi hiyo? Na mchezo uishe vipi? Wazee wawili waliotutazama wanataka kijana apelekwe hospitali apone, watu warudi makwao na furaha. Baadhi yetu wanataka aonekane akijaribu kujitoa uhai, ili hadhira ishtuke na ielewe uzito wa jambo lenyewe.

Mwezeshaji, Malindi

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nimeongoza maigizo shirikishi mitaa ya Maweni na Kisumu Ndogo kwa miaka kadhaa, na nianze na huyo mwenzenu kwa sababu yeye ni mkubwa kuliko mchezo. Asiibebe nafasi hiyo kwa sasa, lakini msimwondoe bila kumuuliza, maana atakuwa ameamuliwa tena na watu wengine, na pengine hilo ndilo linalomchosha. Mpeni achague: awe jirani, apige ngoma, au apumzike kabisa. Kikundi chetu kina kanuni kwamba hakuna anayeigiza kisa chake mwenyewe, na kila mhusika tunamuunda kwa visa vya watu watatu au wanne, ili asitambulike mwana wa nani. Kwenu Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na kila mtu anajua ni mama gani husema maneno gani, kanuni hiyo ina uzito zaidi.

Kuhusu mwisho, mimi naikataa miisho yote miwili. Mbrazili Augusto Boal, aliyeanzisha namna hii ya uigizaji, alisimulia jinsi alivyokuwa nchini Peru mwaka 1973 akiwaomba watazamaji wawaelekeze waigizaji la kufanya, hadi mwanamke mmoja aliyeona kwamba hawamwelewi akapanda jukwaani kuonyesha mwenyewe. Tangu hapo mchezo ukawa unasimamishwa tatizo linapokaza, unarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama" akachukua nafasi ya mtu mmoja ajaribu njia nyingine. Baadaye, akiwa uhamishoni Ulaya, alikutana na watu ambao hawakulalamikia polisi wala njaa, bali upweke na kushindwa kuzungumza na wenzao, na mwanzoni aliona hayo ni mambo madogo. Alibadili mawazo, akatafuta mbinu za kuigiza zile sauti zinazomkemea mtu kutoka ndani ya kichwa chake. Mchezo wenu uko hapo hasa.

Nitawapa mfano mmoja. Tulionyesha kisa kinachokaribiana na chenu, na muuza viazi karai mmoja akaomba nafasi ya baba. Hakusema neno. Aliketi akimpa kijana ubavu, akaanza kushona wavu, kisha akamnyooshea ncha ya kamba amshikie. Muda mrefu ulipita, watu wakaanza kunong'ona, nami nikajizuia nisiingilie. Ndipo muigizaji wetu akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye mchezo: "Baba, mimi silali." Hakuna mwandishi kati yetu ambaye angeliandika onyesho lile. Mtazamaji akija na suluhisho la miujiza, kwa mfano kijana apate kazi kesho asubuhi, mwezeshaji hamkatai, anaiuliza hadhira tu: hapa kwetu yawezekana?

Muuguzi wa afya ya akili, Pwani

Nakubaliana na mwezeshaji kwa mengi, isipokuwa hili la kuuacha mwisho wazi kabisa. Katika uwanja wa watu mia mbili huenda yumo mmoja ambaye akirudi nyumbani atalala peke yake na swali hilo. Kabla hadhira haijatawanyika, mwonyesheni mlango mmoja ulio wazi: mtu wa afya aliyekuwepo tangu mwanzo, asimame, aseme anapatikana wapi na siku gani, na pawe na mahali pa kando ambapo mtu anaweza kumfuata bila macho kumsindikiza.

Tukio la kujaribu kujitoa uhai naomba mlifute. Shirika la Afya Duniani linaonya dhidi ya kuonyesha au kueleza njia iliyotumika, kwa kuwa aliye dhaifu wakati huo anaweza kuiiga. Uzito wa jambo hauhitaji kuongezwa: ulimwenguni, vifo vya kujiua vilikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 katika takwimu za mwaka 2021, na nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huanza kabla ya miaka 18. Ongezeni pia jambo ambalo wengi hawajalisikia. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Nimewaona wazazi wakificha yaliyotokea kwa kuogopa polisi.

Na nyanya wa mchezo msimfanye kichekesho. Wengi huja kwangu wakiwa wameshakunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, kwa mwalimu, na siwaambii waache. Kombe na dawa havigombani, mradi mgonjwa afike.

Mwenzenu aliyeketi na ile sahani anahitaji kuonana na mtu wa afya wiki hii, iwe mchezo upo au haupo. Mmoja wenu amsindikize hadi mlangoni.

Mama wa Mkomani

Wanangu, mwasema Mkunguni, Mkunguni. Jioni Mkunguni wamejaa wanaume. Anayesimama mlangoni na sahani ni mama, na huyo mama hatakuwepo. Uonyesheni mchezo kwanza katika kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, alasiri, wanawake peke yao, waigize wasichana. Hapo mtasikia mambo. Mimi nimelea watoto sita, na nawaambia kwamba binti naye husema salama, tena husema haraka zaidi kwa kuwa anajua anasikilizwa na nyumba nzima.

Watu watawaambia kwamba mnavunja sitara. Kumsitiri mtu ni kumfunika asipigwe na baridi, na anayemfunika lazima awe karibu naye. Na lile swali la mama libadilisheni. "Umeamkaje" lina jibu lake tayari. Mimi humuuliza mwanangu, "Umelala saa ngapi?"

MwanaLangoni, Lamu

Shukrani kwenu nyote, na kwako mama hasa. Tumelifuta lile tukio, na swali la mlangoni tumelibadilisha jana. Mwenzetu alipolisikia alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba nyumbani hajawahi kuulizwa hivyo. Amechagua kuwa jirani, na juzi nilimsindikiza hospitali. Tuliketi kwenye benchi saa mbili, alipotoka akaniambia atarudi Jumanne. Ameomba mwenyewe kwamba mamake awe miongoni mwa watakaoalikwa kiwandani.

Nafasi ya kijana tumempa msichana wa miaka 19, na mhusika sasa ni binti. Kilichobaki ni mwezeshaji wa kike, kwa sababu hatuna hata mmoja aliyewahi kuisimamisha hadhira na kuiuliza. Ndugu wa Malindi, ikiwa yuko dada katika kikundi chenu anayeweza kuja kutufundisha kwa siku mbili, nauli tutachanga, na nyumba ya kulala ipo.