Mnaojua ndege wa Alberta, hawa wekundu ni ndege gani?

Mtoa mada
Habarini wadau. Nipo Calgary, jimbo la Alberta huku Kanada, mwaka wa pili sasa, tumetoka Morogoro. Baridi ya huku tunashinda ndani, nikamtundikia binti yangu kikopo cha mbegu za alizeti pale nje ya dirisha, sasa wanakuja ndege wekundu na kila akiniuliza jina sina jibu, nyumbani ningesema kweche yakaisha. Kuna mdogo saizi ya shomoro, kichwa na kifua vyekundu, tumbo lina michirizi ya kahawia. Halafu jumapili tulienda Kananaskis, kule milimani, tukaona mwingine mkubwa, wekundu wake umepoa kama waridi, katulia tu kwenye msonobari tukasogea hadi hatua nne hivi wala haruki. Ni ndege mmoja huyo au tofauti? Nisaidieni jamani.

Wa Toronto
Kardinali hao, kwetu huku wamejaa.

Babu Darubini
Toronto sawa ndugu yangu, ila Alberta kardinali ni nadra mno, na kardinali ana kishungi na uso mweusi, mtoa mada angeshakitaja.

Mdogo ni hausi finchi, Haemorhous mexicanus, hiyo michirizi ubavuni ndio inamtambulisha. Jike hana wekundu hata chembe kwa hiyo hao wa kahawia wanaokuja nae msidhani ni shomoro. Tena rangi ya dume inatokana na chakula alichokula wakati anaota manyoya mapya, ndio maana wengine wanakuwa rangi ya chungwa au hata njano, ndege yuleyule. Na sio kama kweche anaevua wekundu msimu wa kuzaa ukiisha, huyu anao mwaka mzima.

Wa mlimani nahisi ni paini grosbiki. Mdomo ulikuwaje? Wekundu usikushughulishe sana, anza na mdomo na ukubwa.

Mtoa mada
Nimevuta picha ya simu: mdomo mfupi mnene umepinda kidogo, bawa jeusi lina mistari miwili myeupe, ubavuni kijivu.

Babu Darubini
Ndio mwenyewe. Uzito wake ni kama hausi finchi wawili na zaidi, na upole ndio tabia yake.

Mama Wawili
Naongezea, ukikuta mwekundu ambae ncha za mdomo zinapishana kama mkasi ulioharibika huyo ni krosibili, anabandulia mbegu kwenye makoko ya misonobari. Na kijidogo chenye doa jekundu kwenye paji na kidevu cheusi ni redipoli, anashuka kutoka kaskazini kipindi cha baridi.

Ila baba binti nakuomba sana osha hicho kikopo kila wiki mbili, hausi finchi wana ugonjwa wa macho unaoambukizana hapohapo wanapokula, unajulikana tangu 1994. Kwangu alikuja mmoja jicho limevimba limefunga kabisa, anagonga mbegu kwa kubahatisha, niliumia sana. Nikatoa kila kitu, nikaosha kwa jiki na maji, nikakaa wiki mbili bila kuweka mbegu.

Mtoa mada
Asanteni mno, kikopo nimeosha jana. Leo asubuhi wamekuja sita, dume mmoja rangi ya chungwa, kabla sijafungua mdomo binti kasema baba huyo ni yuleyule, amekula vitu vingine tu.