Mrejesho: loda iliyokuwa ikishuka yenyewe

Wakuu, niliuliza kwa nini mikono ya loda (kifaa cha mbele cha kunyanyulia mzigo) ya trekta kuukuu inashuka yenyewe ikiwa na mzigo. Valvu inayoongoza mafuta ya haidroliki ni nzima. Tatizo ni sili za pistoni, yaani pete zinazozuia mafuta yasipite pembeni ya pistoni ndani ya silinda zinazoinua mikono.

Kipimo: inua mikono hadi mwisho, itegemeze kwa nguzo imara, zima injini, chezesha wenzo kutoa presha. Fungua mpira wa mafuta wa upande wa rodi (chuma kinachotoka kwenye silinda), uzibe mpira huo, kisha washa na usukume wenzo wa kuinua. Mafuta yakitoka kwenye tundu la silinda lililo wazi, sili inapitisha. Ilipitisha silinda moja, ila nimebadilisha sili za zote mbili.

Mdomo wa sili uelekee presha. Ukigeuzwa, kazi bure. Sili ngumu ilainishwe kwa maji ya moto. Silinda yenye mikwaruzo au vishimo vya kutu ndani itaikata tena.